Dawa ya kuua majani mapana: inafaa wapi, inadhuru wapi, na ufanye nini ikikupata



Mvua zikianza kunyesha, sisi wahudumu wa afya wa kujitolea tunaulizwa sana swali moja ambalo si la malaria wala la kuhara. Watu wanauliza: "Ile dawa ya kuua majani, nikiipuliza shambani kwangu, ni salama?" Wengine wanauliza tayari wakiwa na chupa mkononi. Wengine wanaishi hapa Kampala, kule Nsambya, Katwe au Makindye, na wanataka kumnunulia ndugu aliyeko Nakivale, Kyaka II, Rwamwanja au Kyangwali, wamtumie kwa basi. Tangu mgao wa chakula ulipopunguzwa mwaka 2023, na familia nyingine kutolewa kabisa kwenye orodha, shamba dogo limekuwa tegemeo la nyumba. Mama mwenye watoto watano na jembe moja akitafuta njia ya kupunguza kazi ya palizi, hatuwezi kumlaumu.

Jibu letu fupi ni hili: kwa mashamba ya wengi wetu dawa ya majani mapana haifai, na jembe linafaa zaidi. Si kwamba dawa hiyo haifanyi kazi. Inafanya kazi vizuri sana, na hapo ndipo shida inapoanzia. Jibu refu linafuata, pamoja na maelezo kwa yule ambaye shamba lake linaifaa dawa hiyo, na kwa yule anayelipwa kwenda kupuliza mashamba ya wengine.

Jani pana ni lipi?

Chuma jani la hindi ulitazame. Mishipa yake inakwenda sambamba kutoka chini hadi kwenye ncha. Sasa chuma jani la haragwe au la kishona nguo, yale majani ambayo mbegu zake zinang'ang'ania suruali na ambayo Waganda wanaita ssere. Mishipa yake imetawanyika kama wavu. Jani la kwanza ni la ukoo wa nyasi, na jani la pili ndilo tunaloita jani pana. Shambani magugu ya majani mapana ni kama kishona nguo, kafumbe, mchicha wa porini na mengine mengi. Lumbugu ni nyasi. Ndago si nyasi kamili lakini nayo haimo katika kundi la majani mapana. Kuna pia kongwe, ambalo kwa macho lina jani pana, lakini kwa ukoo liko mbali na maharage, na mara nyingi likipulizwa linanyauka kidogo kisha linamea tena. Wakulima wengi wamelaumu dawa kuwa ni feki kwa sababu ya kongwe na lumbugu, kumbe dawa haikutengenezwa kwa ajili ya hayo.

Dawa inayouzwa zaidi kwa kazi hii inaandikwa kwenye chupa 2,4-D, tunasoma "mbili nne D", na mara nyingi linafuata neno Amine. Ndani ya kila mmea kuna kemikali inayouambia ukue wapi na kwa kiasi gani. 2,4-D inaiga kemikali hiyo. Mmea wa jani pana ukiinywa, unapata amri ya kukua bila mpango: shina linajipinda kama kamba, majani yanajikunja, mirija ya ndani inaziba, na katika wiki moja hadi tatu mmea unakufa. Mimea ya ukoo wa nyasi inaweza kuivumilia ikiwa imepulizwa kwa kipimo sahihi na kwa umri sahihi. Ndiyo maana inatumika katika mahindi, mtama, ulezi, mpunga, ngano na miwa.

Kuna wanaosema hii ni ile sumu ambayo Wamarekani walimwaga Vietnam. Ni kweli nusu. Dawa ya Vietnam ilikuwa mchanganyiko wa 2,4-D na nyingine inayoitwa 2,4,5-T, na ile ya pili ndiyo iliyobeba uchafu hatari wa dioksini. Hii ya chupa ya leo si mchanganyiko ule. Hata hivyo si maji ya kunywa. Mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliiweka 2,4-D katika kundi la vitu ambavyo huenda vinaweza kusababisha saratani. Na hatari ya haraka, ambayo haihitaji kungoja miaka, ni jicho. Dawa hii ya Amine ikiingia jichoni kabla ya kuchanganywa na maji inaweza kuliharibu jicho lisipone tena.

Kwa nini haifai kwa mashamba mengi ya wakimbizi

Hesabu vyakula unavyopanda. Maharage ni jani pana. Karanga, soya, viazi vitamu, viazi mviringo, muhogo, nyanya, biringanya, kabichi na maboga, vyote ni majani mapana. Mpapai, mwembe, mparachichi, mfenesi na kahawa pia. Mgomba si wa kundi hilo, lakini nao unaumia na 2,4-D. Katika yote tunayopika, kinachobaki salama ni mahindi, mtama na ndugu zao. Dawa haijui kwamba haragwe umelipanda wewe na kishona nguo kimejiotea chenyewe.

Na sisi hatupandi mahindi peke yake. Anayegawiwa kiwanja cha mita 30 kwa 30 anapanda mahindi na maharage mstari kwa mstari, anazungushia maboga, anachomeka muhogo pembeni, na karibu na mlango anaweka lengalenga na nyanya. Ni kilimo cha akili, kwa sababu kimoja kikishindwa kingine kinakulisha. Lakini katika shamba la namna hiyo hakuna mahali pa kupuliza 2,4-D. Ukipuliza, baada ya wiki mbili utakuwa na mahindi tu, na itabidi maharage uyanunue.

Kuna jambo lingine ambalo wauzaji hawalisemi. Baadhi ya hayo yanayoitwa magugu ndiyo mboga yetu. Lengalenga linalojiotea, ambalo hapa Uganda wanaliita dodo, na majani mengine mengi ya porini, akina mama wanayachuma katika mashamba yao na ya jirani, na hasa katika wiki zile za mwanzo wa mvua kabla mazao hayajakomaa. Wiki hizo ndizo wiki za kupuliza. Majani yaliyopulizwa hayakauki siku hiyo. Yanaweza kukaa siku kadhaa yakionekana mabichi na mazuri, na mtoto aliyetumwa mboga hatajua. Kwa hiyo ukipuliza mahali popote, hata kama ni shamba la mwajiri, funga kitambaa chekundu kwenye kijiti kila upande, uwaambie majirani kwa mdomo, na mbuzi wafungwe mbali. Lebo ina idadi ya siku za kungoja. Mboga za kujiotea ndani ya shamba lililopulizwa zisiliwe msimu huo.

Usisahau pia kwamba mashamba yetu yamegusana na nyumba. Mkulima mkubwa anapuliza kisha anakwenda kulala kilomita mbili kutoka pale. Wewe dirisha lako liko hatua kumi kutoka kwenye mstari wa mwisho, na jerikeni za maji ziko nje.

Shamba la mahindi matupu

Ikiwa wewe na majirani mmekodi ekari ya ardhi na kupanda mahindi peke yake, 2,4-D inaweza kuwasaidia, kama mtafuata masharti. Kwanza ni umri. Pulizeni mahindi yakiwa na majani manne hadi sita, kabla hayajafika gotini. Yakipita hapo, mashina yanakuwa mepesi kuvunjika kwa upepo na mizizi ya juu inaota vibaya. Yakianza kutoa mbelewele, msiguse kabisa. Magugu nayo yawe madogo, ya urefu wa kidole. Gugu lililokomaa linajikunja, linaugua, halafu linapona.

Hali ya hewa ina maana kubwa. Pulizeni asubuhi umande ukiisha kukauka, upepo ukiwa mdogo, na mvua isiwe inakaribia. Ikinyesha saa moja au mbili baadaye, dawa na fedha vyote vinakwenda mtoni. Jua kali la mchana linafanya sehemu ya dawa igeuke mvuke. Upepo ndio unaoleta ugomvi zaidi: matone madogo ambayo huyaoni yanavuka mpaka, na baada ya siku chache nyanya za jirani zinakunja majani kama ngumi. Nyanya inaonyesha madhara haya upesi sana, hata kwa dawa kidogo mno. Tumesikia kesi za namna hiyo zikifika kwa wenyeviti wa vijiji, na mara nyingi aliyepuliza anaapa kwamba hakukanyaga shamba la mwenzake. Ni kweli hakukanyaga.

Kipimo kinawashinda wengi kwa sababu lebo inaongea kwa hekta. Hekta moja ni mita za mraba 10,000. Kiwanja cha 30 kwa 30 ni mita za mraba 900, yaani chini ya sehemu ya kumi ya hekta. Tuchukue mfano: lebo ikisema lita moja na nusu kwa hekta, kiwanja hicho kinahitaji mililita 135 tu, chini ya nusu ya chupa ndogo ya soda. Ekari moja ni kama mita za mraba 4,000, nayo ingehitaji mililita 600. Lakini fuata namba ya lebo ya chupa yako, usifuate mfano wetu. Kabla ya kuweka dawa, jaza bomba la mgongoni maji matupu, pima mita 10 kwa 10, uipulize kwa mwendo wako wa kawaida, kisha angalia umetumia lita ngapi. Hapo utajua shamba zima litataka mabomba mangapi, na dawa utaigawa humo. Kuongeza kifuniko kimoja "ili ishike vizuri" hakuongezi chochote isipokuwa kuumiza mahindi yenyewe.

Bomba lenyewe ni hatari nyingine. Wengi wetu hatuna bomba, tunakodi. Bomba lililobeba 2,4-D jana likibeba leo dawa ya wadudu ya maharage, masalia yaliyokwama kwenye mpira na kwenye chujio yanatosha kuyaharibu maharage. Ukikodi, uliza lilifanya kazi gani mwisho. Lioshe kwa maji na sabuni mara tatu, kila mara upitishe maji hadi yatoke kwenye kichwa cha kupulizia, na maji hayo yamwage katika shamba lilelile lililopulizwa, mbali na kisima na mto. Kikundi kikiweza kununua bomba lake la kazi ya magugu pekee na kulitia alama ya rangi, kitajiepusha na hasara nyingi.

Chini ya miti ya matunda na kahawa

Hapa tunashauri waziwazi: usitumie 2,4-D. Mwembe, mparachichi, mchungwa na kahawa yote ni majani mapana, na mche mdogo uliopandikizwa unaweza kufa kwa matone ya upepo tu. Wenye bustani kubwa wanatumia dawa nyingine, glaifoseti, ambayo kwenye lebo inaandikwa Glyphosate na ambayo wengi wanaijua kwa jina la Roundup. Hiyo haichagui, inaua nyasi na majani mapana pamoja, na mahindi yenyewe pia. Wanaipuliza chini chini, kichwa cha bomba kikiwa kimefunikwa kwa kikinga, bila kugusa jani wala gome la kijani la mti mchanga. Nayo mwaka 2015 taasisi ile ile ya saratani iliiweka katika kundi la juu zaidi ya 2,4-D, la vitu ambavyo kuna uwezekano mkubwa kuwa vinaleta saratani. Mashirika mengine ya kudhibiti dawa hayakukubaliana na uamuzi huo, na mabishano yanaendelea mpaka leo.

Kwa mwenye miti mitano au kumi haya yote hayana faida. Palilia duara la hatua moja kuzunguka shina, kisha tandaza majani makavu ya migomba au nyasi zisizo na mbegu, unene wa kiganja, ukiacha nafasi kidogo ili matandazo yasiguse gome. Magugu hayapati mwanga, na udongo unabaki na unyevu hata wiki ambazo mvua imekatika. Kazi hiyo inaweza kufanywa na watoto wakubwa, na hakuna atakayeugua.

Kwa shamba la mchanganyiko, siri ni wakati. Magugu yanaiba zaidi katika wiki za mwanzo. Palizi moja wiki ya pili au ya tatu baada ya kuota, na nyingine wiki ya tano au ya sita, inatosha kwa mahindi na maharage. Baada ya hapo kivuli cha mazao kinafanya kazi yenyewe. Anayechelewa hadi wiki ya nane atalima magugu marefu mara mbili kwa nguvu, na mavuno yameshapungua. Vikundi vya kupeana zamu, leo kwangu na kesho kwako, vimewafaa watu zaidi ya dawa yoyote tuliyoiona.

Kununua Kampala

Maduka mengi ya pembejeo yako katikati ya jiji, pale Container Village karibu na Nakivubo, na huko ndiko hata wenye maduka ya wilayani wanakonunua. Bei ni nafuu kuliko wilayani, lakini uwe macho. Utafiti wa taasisi ya IFPRI uliochapishwa mwaka 2019 ulipima chupa za glaifoseti zilizonunuliwa katika masoko ya Uganda, na karibu chupa moja katika kila tatu ilikuwa na chini ya asilimia 75 ya dawa iliyoandikwa kwenye lebo. Yaani unalipa chupa nzima, unapata robo tatu au pungufu, na nyingine ni maji. Halafu mkulima anazoea kuongeza kipimo, na siku akipata chupa halisi anaunguza shamba.

Nunua chupa ambayo kizibo chake hakijafunguliwa, yenye lebo isiyobanduka, tarehe ya kwisha, namba ya toleo na namba ya usajili. Uganda ina sheria ya kudhibiti kemikali za kilimo, ya mwaka 2006, na dawa isiyosajiliwa haitakiwi kuuzwa. Omba risiti. Muuzaji anayekataa kuandika risiti amekwisha kukujibu. Mpe mtu anayejua kusoma Kiingereza akusomee lebo yote, si jina tu.

Usinunue dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda au ya maji. Tunajua kwa nini inafanyika: chupa ya lita ni ghali, na kiwanja kinahitaji mililita mia na kidogo, basi watu wanagawana. Lakini chupa ya soda haina lebo, haina kizibo cha kuwazuia watoto, na mtoto aliyerudi kutoka shule na kiu anaijua chupa hiyo kuwa ni ya kinywaji. Ajali nyingi za sumu za watoto zinaanzia hapo. Kama mnataka kugawana, nunueni chupa moja kwa kikundi, mpulize siku moja shamba kwa shamba, na chupa ibaki ile ile. Au tafuteni chupa ndogo zilizofungwa kiwandani.

Ukimtumia ndugu kwa basi, usiweke dawa katika mfuko mmoja na unga, nguo za mtoto au maziwa. Chupa ikivuja njiani kutoka Kampala hadi Isingiro, unga ule hauna tena wa kuula, hata kama ukiuanika juani. Funga chupa ndani ya mifuko miwili ya plastiki, isimamishe ndani ya ndoo yenye kifuniko, na umwambie kondakta ni kitu gani.

Anayefanya leja leja ya kupuliza

Vijana wengi wa kwetu wanalipwa kupuliza mashamba ya wenyeji: mahindi, kahawa, na mashamba ya mananasi ya Luweero na Kayunga. Malipo ni kwa bomba, kwa hiyo mtu anakimbiza mabomba mengi kwa siku, miguu mitupu, shati wazi. Ngozi inakunywa dawa. Mgongo unalowa bomba linapovuja, miguu inapita katika majani mabichi yaliyopulizwa, na mikono inachanganya dawa ambayo bado haijaongezwa maji. Huo wa kuchanganya ndio wakati wa hatari kuliko wote.

Mwombe mwenye shamba vifaa kabla ya kukubaliana bei: gambuti, glavu za mpira, miwani, kofia na nguo ndefu. Suruali iwe nje ya gambuti, si ndani, ili dawa isitiririkie mguuni. Akikataa vyote, angalau miwani na glavu wakati wa kuchanganya ni vitu unavyoweza kununua mwenyewe. Tembea ukiwa na upepo mgongoni. Kichwa cha bomba kikiziba, usikipulize kwa mdomo. Tumia mswaki wa zamani na maji. Usile, usivute sigara, usitafune chochote kabla ya kunawa. Ukifika nyumbani, nguo zile zisiingie kwenye beseni la nguo za familia. Ziloweke peke yake, na asiwe mjamzito anayezifua. Mama mjamzito na anayenyonyesha wasichanganye wala kupuliza, hata kama malipo ni mazuri.

Uliza pia unapewa dawa gani. Kama kwenye chupa kumeandikwa Paraquat, au Gramoxone, hiyo ni sumu ya namna nyingine kabisa. Umoja wa Ulaya uliiondoa mwaka 2007. Chupa yake inaweza kuwa na mstari wa rangi ya njano, sawa na chupa ya 2,4-D, na watu wakadhani ni sawasawa. Funda moja linaweza kumuua mtu mzima, na haina dawa ya kuizima. Ushauri wetu ni kuikataa kazi hiyo.

Chupa tupu na mahali pa kuweka

Chupa iliyoisha ioshe mara tatu, maji yake uyamwage ndani ya bomba unalotumia, kisha itoboe matundu chini ili isitumike tena. Jerikeni ya dawa haigeuki kuwa ya maji wala ya mafuta ya kupikia, hata ikioshwa kwa maji ya moto na majivu. Usiichome karibu na nyumba. Muulize muuzaji au afisa kilimo mahali zinapokusanywa.

Dawa iliyobaki iwekwe kwenye sanduku lenye kufuli, si chini ya kitanda na si juu ya kabati la vyombo, na ufunguo uwe kwa mtu mmoja. Tunasema haya kwa ajili ya watoto, na pia kwa ajili ya wakubwa. Wengi wetu tumepita katika mambo mazito, na kuna siku mtu anakata tamaa. Nyumbani mwenye mtu aliye katika hali hiyo, dawa hizi zisikae kabisa. Mzungumzie kwa mhudumu wa afya wa eneo lako. Hatutangazi ya mtu.

Dawa ikimpata mtu

Ikimwagika kwenye ngozi, vua nguo zote zilizolowa mara moja na umwoshe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 au zaidi. Usione haya kumvua mtu nguo shambani. Ikiingia jichoni, fungua kope kwa vidole na mimina maji safi taratibu kwa dakika 15 mfululizo, kisha nenda kituo cha afya hata kama jicho linaonekana zima. Ikivutwa kwa pumzi, mtoe mtu kwenye hewa safi na umlegezee nguo shingoni.

Ikimezwa, usimtapishe. Usitie kidole kooni, usimpe maji ya chumvi, mafuta ya mawese wala mayai mabichi. Maziwa hayazimi sumu hii, na dakika za kutafuta ng'ombe ni dakika za kufika kituoni. Aliyezimia alazwe kwa ubavu, asipewe kitu chochote mdomoni. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu. Hapa Kampala wanaweza kumpeleka Mulago. Beba chupa au lebo yake, kwa sababu daktari anatibu kufuatana na jina la dawa, na "dawa ya majani" halimsaidii. Aliyemeza 2,4-D anaweza kutapika, kuumwa tumbo na kichwa, kuchanganyikiwa, misuli ikalegea. Aliyemeza parakwati anaweza kuwa na vidonda tu mdomoni, akaonekana ana nafuu siku ya pili, kisha figo na mapafu yakaanza kushindwa. Kwa hiyo usingoje kuona atakavyoamka kesho. Huduma katika vituo vya serikali mkimbizi anaipata kama mwenyeji, kwa hiyo mwambie daktari ukweli wa kilichomezwa.